Anayesema falsafa haina faida aje Usukumani nimwoneshe

Ndugu Mhariri,

Salaam sana na poleni na kazi. Najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii naomba mnivumilie, nimekaa nayo moyoni wiki mbili sasa tangu niliposoma barua ya msomaji mwenzetu aliyelalamika kwamba vijana wanaosoma falsafa chuoni wanapoteza hela ya mkopo, akasema falsafa ni maneno ya Wazungu wasiokuwa na kazi, haileti ugali, na kwamba yeye anamjua kijana mmoja alimaliza digrii ya falsafa leo hii anaendesha bodaboda, kwa hiyo somo lifutwe.

Simgombezi. Uchungu wa ajira naujua, hata nyumbani kwangu yupo kijana ana digrii na yuko tu (na huyo alisoma biashara). Ila mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kahama, nasimamia klabu ya mdahalo mwaka wa tisa huu, na ile barua nilipoimaliza nilimkumbuka bibi yangu, mtaona kwa nini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu. Siyo ya kulia, mekundu ya kudumu, kope zimevimba kidogo, nyie mliokulia vijijini huku mnajua ninachosema. Alipikia kuni maisha yake yote na kuni zikikosekana anapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, kwenye kajiko kasiko na dirisha, asubuhi na jioni, zaidi ya miaka 50. Sasa moshi ukuingie namna hiyo kila siku miaka yote hiyo halafu macho yabaki meupe, inawezekana kweli? Lakini watu hawakuangalia jiko, waliangalia macho.

Na wote mnajua, magazeti yenyewe yaliandika sana, huku kwetu Usukumani vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga usiku, kisa macho mekundu. Bibi hakuuawa, namshukuru Mungu, alikufa kwa uzee wake. Ila miaka ya mwisho alikuwa halali kwake, analala nyumba ya mjomba, mlango umekingamishwa gogo kwa ndani, mbwa akibweka anakaa kitandani mpaka kunakucha. Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani anaogopa fisi.

Nikaja kufika chuo cha ualimu, siku moja mwalimu akaandika ubaoni sentensi tatu. Mbuzi wote wana miguu minne. Meza hii ina miguu minne. Kwa hiyo meza hii ni mbuzi. Darasa zima likacheka na mimi nikacheka, halafu kicheko kikanikatikia kooni maana nilimuona bibi pale ubaoni. Wachawi wana macho mekundu. Bibi huyu ana macho mekundu. Kwa hiyo bibi huyu ni mchawi. Ni hoja ile ile jamani, umemtoa mbuzi tu ukamuweka bibi! Na ile ya meza mtoto wa darasa la pili anaicheka, lakini ya bibi watu wazima wenye akili zao walikaa kikao wakaikubali, wakaenda kuchanga hela ya kumlipa mkata mapanga.

Naomba msomaji mwenzangu alione hili vizuri. Sijaingia kabisa kwenye ubishi wa kama uchawi upo au haupo, huo ni mjadala wake na una watu wake. Nasema hivi, hata mtu akikubaliwa kila anachodai, tuseme tumekubali wachawi wapo na tumekubali wote macho yao ni mekundu, BADO hitimisho lake halitoki. Maana hajasema kwamba kila mwenye macho mekundu ni mchawi, amesema kinyume chake, na kati ya hizo sentensi mbili pana shimo ambalo bibi zetu walitumbukizwa humo. Hilo ndo somo la kwanza kabisa la mantiki, tawi la falsafa linalopima kama hoja imeungana, la wiki ya kwanza, halihitaji digrii wala mkopo.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia hoja ina misingi na ina hitimisho, na ukiletewa hoja uulize maswali mawili tofauti, usiyachanganye. La kwanza, je misingi yenyewe ni ya kweli? La pili, je hitimisho linatoka kwenye hiyo misingi, au limebandikwa tu? Watu wengi wanauliza la kwanza peke yake, au hawaulizi lolote. Ukisema wavuvi wote wa Ziwa Victoria ni matajiri, jirani yangu ni mvuvi wa Ziwa Victoria, kwa hiyo jirani yangu ni tajiri, hapo mnyororo wake umeungana vizuri kabisa, tatizo ni msingi wa kwanza ni uongo mtupu (njooni muwaone wavuvi). Ya bibi ni kinyume, hata misingi ingekuwa kweli mnyororo umekatika. Mwanafunzi akishaweza kutenganisha hivi vitu viwili ni kama umemvalisha miwani, utamuona hata kusikiliza kwake kumebadilika.

Na kinachoniuma ni kwamba kwenye mtaala tunacho kidogo lakini tumekificha. Watoto wa A-level wanaosoma hesabu, wale wa michepuo ya PCM na EGM na wenzao, kidato cha tano wanakutana na mada ya lojiki, yaani mantiki hiyo hiyo, wanachora jedwali la ukweli, p na q zikisimama badala ya sentensi, kweli na si kweli, wengine wanapata alama zote. Ile hoja ya bibi imo mle mle! Ikiwa p basi q, halafu umeiona q, huruhusiwi kusema p ipo. Wanaijua kwa herufi. Niliwahi kuwa na kijana alipata mtihani wa mada ile bila kukosa hata swali moja na jioni yake kwenye mdahalo akasimama akasema matajiri wote wanaamka alfajiri kwa hiyo ukiamka alfajiri utatajirika. Nikamwita pembeni nikamwambia andika ulichosema kwa p na q, akaandika, akanyamaza, akasema mwalimu kumbe. Hiyo kumbe ndo ninayoitafuta mimi.

Turudi kwenye hoja za msomaji mwenzetu, maana nimesema simgombezi lakini hoja zake nazigusa, na kugusa hoja siyo kumgusa mtu. Amesema falsafa ni maneno ya Wazungu. Kwanza, kitu kikitoka kwa Mzungu hakiwi uongo kwa sababu hiyo na hakiwi kweli kwa sababu hiyo, ukitaka kupima maji ya kisima unayapima maji, huulizi nani alichimba. Pili siyo kweli kihivyo. Ni kweli aliyeweka mambo haya kwenye mpangilio tunayemjua wa zamani sana ni Aristotle, Mgiriki, 384 mpaka 322 kabla ya Kristo, na ndiye aliyekaa akahesabu aina 13 za hoja zinazoonekana nzuri kumbe mbovu. Lakini hebu angalia maneno tunayotumia sisi wenyewe. Falsafa ni la Kigiriki, kupenda hekima, likapita kwa Waarabu ndo likatufikia. Mantiki ni la Kiarabu, mzizi wake ni kunena, kutamka. Hoja pia tumeipata huko huko. Yaani maneno yetu ya kazi hii yalipita kwa Waarabu, siyo kwa mkoloni, kwa sababu wanazuoni wa Kiislamu kama Ibn Sina, aliyezaliwa 980 huko karibu na Bukhara, walikuwa wameisoma mantiki ya Aristotle, wakaikosoa, wakaiongeza, na ikawa sehemu ya elimu yao. Na upande wa kanisa mpaka leo kijana akitaka upadre anasoma kwanza falsafa, miaka mizima, ndo aguse teolojia. Kwa hiyo upande wa masheikh na upande wa mapadre, kote wapo walioona inafaa.

Na yupo wa kwetu kabisa, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mkenya, alifariki 1995. Huyu alifanya kitu nakipenda mno. Wasomi walikuwa wanabishana kama Mwafrika ana falsafa, yeye akaacha ubishi akaenda vijijini na wenzake kukaa na wazee na kuwahoji. Akagundua wazee wenye hekima wako aina mbili. Kuna mzee anayejua mila, methali, hadithi zote za ukoo, ukimuuliza anakupa kama alivyopewa. Na kuna mzee wa pili, huyo naye anazijua zote lakini ukimuuliza anasema hii mila naikubali kwa sababu hii na hii, na ile siikubali, babu zetu walikosea. Huyo wa pili ndo aliyemwita mwanafalsafa, na wengine hata darasani hawakuwahi kukaa.

Hapa niseme jambo ambalo wengine watalichukia. Sisi Waswahili tuna ugonjwa wa kumaliza ubishi kwa methali. Methali nazipenda, nimezifundisha miaka mingi, lakini methali ni ushauri, siyo ushahidi. Mtu anakwambia usikimbilie, haraka haraka haina baraka, mnanyamaza wote kama vile imethibitishwa maabara. Angetaka ufanye leo hii angekwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na mngenyamaza vile vile! Sasa kama kila upande una methali yake basi methali haiwezi kuwa ndo iliyoamua, kuna kitu kingine kimeamua kabla na methali imeitwa kuja kusindikiza.

Chukua nyani haoni kundule. Nimekaa vikao vingi vya mtaa, mtu anasimama anasema jamani hela ya maji haina mahesabu, anajibiwa wewe mwenyewe juzi hukuchangia msiba, nyani haoni kundule, watu wanapiga makofi kikao kinaisha. Hela ya maji iko wapi? Hakuna aliyejibu. Labda kweli msiba hakuchangia, aambiwe siku yake, lakini mvuta sigara akikwambia sigara inaua, sigara inaua hata kama anayo mdomoni. Au wengi wape, nayo tunaipeleka mpaka isikohusika. Wengi wape kwenye kura ni sawa, lakini kama ukweli wenyewe ungekuwa unapigiwa kura bibi yangu asingefika hata uzee aliofika, maana kijiji kizima walikuwa upande mmoja.

Lakini inayonitia hofu kuliko zote ni lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Isome polepole. Ukisema jambo na likaonekana, methali imeshinda. Ukisema jambo na lisionekane, methali bado imeshinda, linakuja. Hakuna siku itakayoshindwa! Karl Popper, mwanafalsafa aliyezaliwa Vienna 1902, alisema dai ambalo hakuna tukio lolote duniani linaloweza kulipinga siyo kwamba lina nguvu sana, ni kwamba halijasema kitu ambacho sayansi inaweza kukipima. Kwa hiyo mtu akikuletea dai muulize, ni kitu gani tukikiona utakubali umekosea? Akisema hakuna, hapo shika kichwa.

Niwape mfano wa mtaani kwetu. Jirani yangu mama mmoja ana duka, kila mwezi mahesabu hayafungi, hela inapungua. Ikasemwa ni chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta hela za watu. Na mshukiwa akapatikana haraka, bibi mmoja (unaona, bibi tena) anayekuja asubuhi na mapema na noti imekunjwa kunjwa. Hela ikipungua siku aliyokuja, ni yeye. Ikipungua siku asiyokuja, amefanyia mbali. Isipopungua, leo amehurumia. Ndo ile ile ya laja. Nikamwomba yule mama, nikamwambia dada yangu mimi sikupingi, tufanye kitu kimoja, mwezi mmoja tu andika kila kinachotoka dukani, hata kiberiti, hata anachochukua mtoto. Alinisikiliza kwa kuniheshimu tu. Mwezi ulipoisha tukakaa na daftari. Sukari na mafuta ya nyumbani kwake mwenyewe yalikuwa yanatoka dukani bila kulipiwa, shemeji yake alikuwa anakopa vocha halafu hasemi, na chenji za asubuhi mama mwenyewe anarudisha zaidi kwa haraka ya kupeleka mtoto shule. Yote yakafika karibu kabisa na pengo. Yule bibi bado anakuja na noti yake ya kukunja na sasa anapewa kiti akae.

Hiyo ya kuona kitu kimefuata kingine halafu ukasema kimesababishwa nacho ndo imetuumiza sana nchi hii. Mnakumbuka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo, dawa ya mitishamba iliyosemwa inaponya magonjwa sugu, pale Samunge, shilingi 500. Nchi nzima ilihamia kule, foleni za magari kilomita na kilomita, na watu walikufa barabarani wakisubiri zamu. Simsemi mzee wa watu, ameshatangulia mbele za haki, na sisemi alikuwa tapeli, tapeli gani anachaji 500. Nasema tulivyofikiri sisi. Aliyekunywa akapata nafuu alirudi akasimulia basi zima. Aliyekunywa akazidiwa, alisimulia wapi? Yuko kaburini. Kwa hiyo sauti tulizozisikia zilikuwa za upande mmoja, na homa nyingine huondoka yenyewe, na mgonjwa wa sukari anaweza kujisikia mwepesi siku tatu huku sukari iko pale pale. Mwenzangu mmoja tuliyefundisha naye aliacha dawa za hospitali baada ya kikombe. Nilimzika mwaka uliofuata. Sikumuuliza swali hata moja alipoacha, niliona aibu, niliona mimi ni nani nimuulize mtu mwenye imani yake. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Na kijana wa bodaboda? Mfano mmoja. Wamefuzu wangapi, wako wapi wengine, na waliosoma masomo mengine wangapi nao wako kwenye bodaboda? Vijana wananifanyia hivyo hivyo kwa upande wa pili, mwalimu mbona Bill Gates aliacha chuo akatajirika. Aliacha kweli, lakini aliacha Harvard, yaani alikuwa ameshaingia Harvard, na walioacha chuo wasitajirike hakuna anayewapiga picha. Lakini niwe mkweli kwa msomaji mwenzangu, hoja ikiwa mbovu haina maana hitimisho lake ni uongo. Inawezekana kabisa hela ya mkopo ingetumika vizuri zaidi kwenye somo jingine. Alete takwimu za ajira tuzisome, nitakubali. Nikisema amekosea kwa sababu tu hoja yake ilikatika nitakuwa nimefanya kosa lingine jipya.

Hilo nalisisitiza sana klabuni kwa sababu mtoto akijifunza majina ya hoja potofu wiki ya kwanza anakuwa balaa. Kuna mmoja alienda kumwambia baba yake mzazi mezani, baba hiyo ni hoja potofu. Mnaweza kuwaza yaliyompata. Nikawaambia wote, huko nyumbani msitaje majina ya makosa, ulizeni. Shikamoo baba, samahani, hilo tunajuaje? Kwa adabu, na uwe unataka jibu kweli. Socrates wa Athens alifanya kazi hiyo tu, kuuliza, na hakuandika hata kitabu kimoja. (Ni kweli walimuua kwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo, watoto huwa wananikumbusha.) Na ukimuuliza mtu mpe kwanza hoja yake katika hali yake nzuri kabisa, isemee vizuri kuliko alivyoisema yeye, ndo uiguse.

Sasa mdahalo wenyewe shuleni tunavyoufanya. Fedha ni bora kuliko elimu, miaka nenda rudi, na kwa kuwa sekondari tunatumia Kiingereza anayeshinda ni anayekimwaga, wapinzani wakisema pointi nzito kwa Kiingereza cha kuvunjika wanazomewa. Muhula uliopita nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya Ijumaa moja kwa mwezi tufanye kwa Kiswahili, na nikabadilisha sheria, kabla hujajibu lazima urudie hoja ya mwenzako mpaka yeye aseme ndiyo hivyo nilivyosema. Jamani! Watoto ambao sikuwahi kusikia sauti zao miaka miwili walisimama. Binti mmoja wa kidato cha pili, mpole sana, alisema mwenyekiti, upande wa pili wamethibitisha kwamba wenye elimu wengi wana fedha, hawajathibitisha kipi kilitangulia, labda wazazi wao walikuwa na fedha ndo wakasomeshwa. Wala hajui kama kosa hilo lina jina. Nilitoka nje kidogo nikafuta macho.

Ndo maana naandika. Ombi langu kwa gazeti ni dogo, tengeni kipande kidogo kila wiki, hata mistari kumi, mnachapa hoja moja iliyosemwa hadharani wiki hiyo bila kutaja aliyesema, wanafunzi wanaiangalia misingi yake na hitimisho lake wanawaandikia, wiki inayofuata mnachapa jibu lililo bora. Za kuanzia nitazileta mimi bure, nimeshaandika kumi na mbili. Na msomaji mwenzangu wa ile barua, kama uko karibu na Kahama, Ijumaa ya mwisho wa mwezi mada yetu ni falsafa ifutwe vyuoni. Upande wa kufuta hauna mzungumzaji mkuu bado, watoto wote wanaukimbia, na mimi nataka wasikie hoja zake zikisemwa na mtu anayeziamini. Nauli nitakurudishia.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa mdahalo, Kahama